Jina Lililosemwa Mbele ya Bwela

Tawakali aliligundua jambo hilo kwa kiganja. Ndoano ya nyama ilikuwa imeanguka ndani ya chumba cha barafu, naye alipoinama kuiokota akaweka mkono chini ili kujiegemeza. Akauondoa upesi. Sakafu ilikuwa ya moto.

Si yote. Kila mahali palikuwa na sakitu nyeupe kama ilivyopasa, na mapaja ya ng'ombe yalining'inia yamekakamaa. Lakini pale katikati palikuwa na duara moja lisilo na sakitu, lenye joto la kitanda alichotoka mtu sasa hivi, na ukubwa wake ulikuwa wa mahali alipokaa mtu kitako. Chumba kilikuwa na mlango mmoja tu, na ufunguo wake ulining'inia kiunoni mwa Tawakali.

Akazunguka kwenye nyumba ya bwela, ng'ambo ya ukuta, kuangalia kama kuna bomba la mvuke lililopita chini kwa chini. Hapakuwa na bomba. Alichokuta ni kwamba mbele ya mdomo wa tanuru, pale pale alipozoea kusimama jasho likimchuruzika, palikuwa na mahali penye ukubwa ule ule pa baridi kali, hata nyayo zake zikafa ganzi ndani ya viatu.

Ulikuwa mwezi wa saba, mwaka ule aliokufa mfalme wa Waingereza. Chuo cha ualimu kilikuwa kwenye mteremko wa Hanang, juu ya Gitting, ambako ukungu ulishuka asubuhi na saa nyingine haukuondoka mpaka jioni. Mkuu wa chuo, Mwingereza, alikuwa ameagiza bwela, tangi kubwa la chuma la kuchemshia maji, ili wanafunzi waoge maji moto na mabweni yapashwe joto kwa mabomba. Mvuke huo huo uliendesha mashine ya barafu. Basi joto lote na baridi yote ya chuo kile vilikuwa mikononi mwa Tawakali.

Kazi hiyo alipewa na Joakimu, nyapara wa mitambo. Mashine ya kusaga ya Katesh aliyokuwa akiihudumia ilifungwa, akakaa miezi minne bila kazi, na mke wake Rukia akiwa mjamzito. Siku moja Joakimu aliteremka mwenyewe mpaka Katesh, akaketi mkekani kwake, akanywa chai, akasema, "Mdogo wangu, njoo juu. Mtu wa mashine kama wewe hafai kukaa bure." Akawapatia nyumba iliyopakana na yake. Mke wake, Justina, alimwonyesha Rukia mahali pa kuni na mboga. Binti yao Scolastica, mwenye miaka sita, alikula kwa Tawakali mara nyingi kuliko kwao.

Siku ya kwanza ya kazi Joakimu alimletea bwelasuti mpya, bado ina mikunjo ya dukani, akamsimamisha mbele ya bwela.

"Taja jina lako na jina la mama yako, kisha fungua koki ya kwanza," akamwambia. "Ni desturi tu ya hapa. Hata mimi nilifanya."

Tawakali alicheka, lakini akataja. "Mimi ni Tawakali wa Chiku." Joakimu akampigia makofi.

Sasa alipomweleza habari ya sakafu, Joakimu hakucheka. Aliangalia mlango, akasema kwa sauti ya chini, "Usimwambie mtu. Mashine mpya zina mambo yake, zitazoea." Akamshika bega, akaondoka haraka.

Hazikuzoea. Mabomba hugonga yanapopata moto, na kila mtu wa mvuke anajua hivyo, lakini haya yalianza kugonga yakiwa yamepoa. Yaligonga kwanza huko mbali kwenye mabweni, yakaja jikoni, yakaja ukutani nyuma yake, kama mtu anayetembea ndani ya chuma akitafuta mlango. Harufu ikafuata, harufu ya maziwa ya kibuyu yaliyochacha, ikitoka kwenye mvuke wenyewe. Kisha, asubuhi moja saa nne, jua likiwa limejitokeza kidogo, akiwa ameinamia kioo cha kupimia maji, alisikia bomba la juu likivuta pumzi ndefu na kusema taratibu, "Tawakali wa Chiku."

Alikaa chini kwenye majivu. Mama yake alikuwa amekufa Dongobesh miaka kumi na miwili iliyopita, na mlimani kote kule hakuna aliyemjua kwa jina isipokuwa Rukia na mtu mmoja mwingine.

Siku hiyo hiyo Gidamis, mfugaji aliyeleta maziwa ya chuo, alimkuta nje akitetemeka. Gidamis akatua mzigo wake, akatazama huku na huku.

"Limekuita?" akanong'ona.

"Nini kimeniita, rafiki?"

"Jini la chemchemi. Maji haya mliyafunga bomba bila kuomba. Sisi hatuchoti pale juu, hata ng'ombe tunapitisha mbali." Akaelekeza kidole nyumba ya bwela. "Nikolausi naye lilimwita."

Nikolausi ndiye aliyekuwa na kazi ile kabla yake. Joakimu alisema amerudi kwao.

"Hakurudi kwao," Gidamis akasema. "Mimi na Joakimu ndio tulimbeba. Moto unawaka tanuruni, na yeye amelala mbele yake, amekufa kwa baridi. Nyusi zina barafu. Joakimu akamfunika blanketi la kijivu, tukamzika kule korongoni. Akaniambia nikifungua mdomo, Bwana DC atasema nimemuua mimi. Nani ataamini mchunga ng'ombe?"

Tawakali alirudi nyumbani akitaka kufunga mizigo, lakini alichelewa. Shangazi yake Rukia, Bi Shumbana, alikuwa amefika kutoka Katesh siku mbili kabla ili kumzalisha. Alikuwa mama mfupi, mkali, muuza chumvi, na watu wa Katesh walijua kwamba kando ya ukunga aliyaweza majini. Tawakali alimkuta amemshika Rukia mikono yote miwili. Rukia alikuwa ameketi wima kwenye kigoda, macho wazi, na kila alipopumua mvuke mzito ulimtoka kinywani, mvuke wa bwela, unaonuka maziwa.

"Shikamoo, shangazi. Ana nini?"

"Kaa pale. Usilitaje jina la mtu yeyote." Bi Shumbana akamgeukia Rukia, au aliyekuwa ndani ya Rukia, akauliza kwa sauti ya mtu anayebishana sokoni, "Wewe, nani amekufungulia nyumba hii?"

Sauti iliyotoka haikuwa ya Rukia. Ilikuwa na mwangwi, kama inayosemwa ndani ya pipa. "Sikuvunja mlango. Nilipewa."

"Ulipewa na nani?"

"Na aliyefunga maji yangu. Mwanzo aliniahidi mtoto wake. Nilipokuja kumchukua akalia, akasema nisubiri, ataniletea mtu mzima. Akaniletea mmoja. Huyo akaisha. Sasa ameniletea huyu, na huyu amejitaja kwa kinywa chake mwenyewe."

Rukia akaanguka mbele, shangazi akamdaka. Mvuke ukakoma. Tawakali alibaki amesimama, na kilichomjia akilini si jini. Alikumbuka jinsi Joakimu alivyokunywa chai ile Katesh, akiisifu, akiomba kikombe cha pili.

"Kuna njia mbili," Bi Shumbana akasema alipokwisha kuisikia habari ya Gidamis, akimfunika Rukia. "Unaweza kulirudisha kwa yule wa kwanza liliyeahidiwa. Hiyo ni rahisi, ni kulitajia jina tu. Au tulirudishie maji yake. Mimi na yule wa maziwa tutapanda kukata bomba. Lakini ule moto wako?"

"Maji yakikatika na moto unawaka, bwela itapasuka. Lazima niutoe moto kwanza. Nipe muda, shangazi, saa moja."

"Nenda. Na hili la chemchemi usimwambie mtu."

Joakimu alikuwa mlangoni pa nyumba ya bwela, kana kwamba alimngoja. Tawakali alikuwa amejiandalia maneno makali njiani, lakini alipomwona yalimwishia, akauliza tu, "Kaka, kwa nini mimi?"

Joakimu alijaribu kushangaa, akashindwa. Uso wake ukalegea. "Lilitaka Scolastica," akasema kwa kunong'ona. "Niliahidi pale chemchemini bila kujua uzito wake, nilidhani ni maneno ya wazee tu. Kisha mtoto akaanza kuamka na barafu kwenye nywele. Ningefanya nini? Ungefanya nini wewe?"

"Ulikuja nyumbani kwangu. Ulikula kwangu."

"Nilihitaji mtu atakayeniambia jina la mama yake bila kuuliza sababu." Machozi yalimtoka. "Hilo huambiwa rafiki. Nisamehe, mdogo wangu. Unataka kuondoka? Ondoka. Nitakusaidia hata kuutoa moto, tuuzime pamoja, mambo yaishe."

Na Tawakali, hata baada ya hayo yote, alimwamini, kwa sababu kwa miezi mitatu alikuwa amezoea kumwamini na mazoea hayo hayakuwa yamepata muda wa kufa. Aliingia, akachukua reki ndefu ya chuma, akafungua mdomo wa tanuru na kuanza kuvuta makaa kuyatandaza sakafuni. Joakimu alivuta naye mara mbili tatu. "Naleta toroli," akasema, akatoka. Mlango ukafungwa. Komeo la nje likalia, na kufuli juu yake.

"Joakimu!"

Nje zilisikika hatua za mtu anayeondoka akikimbia.

Saa ilikuwa tisa alasiri, lakini ukungu ulikuwa umeziba dirisha dogo la juu hadi likawa kama limepakwa chokaa. Tawakali aliendelea kuvuta makaa, kwa kuwa kama asingeyamaliza bwela ingempasukia usoni, naye alivuta akihesabu kwa sauti ili asisikie kitu kingine, na alipofika kumi na saba mabomba ya mabwenini yakaanza kugonga, yakaja upande wa jikoni, yakaja ukutani, na makaa yaliyotapakaa sakafuni, mekundu bado, yakaanza kutoa baridi badala ya joto, baridi iliyompanda miguuni na magotini na kumshika kiuno kama maji ya mto, mpaka reki ikanata viganjani mwake na ngozi ikabaki kwenye chuma, na mvuke uliotoka kwenye koki ukasimama mbele yake ukiwa na kimo cha mtu, hauna uso, unanuka maziwa yaliyochacha, ukamwinamia sikioni kama mama anayemwinamia mtoto mgonjwa.

"Tawakali wa Chiku. Umechoka. Huyu aliyekufungia hastahili kulindwa. Nitajie binti yake na mama wa binti yake, majina mawili tu, nikuache uende kwa mkeo."

Alilijua jina hilo, na la mama yake pia. Yalikuwa mepesi, yalikuwa mdomoni tayari, na ghadhabu iliyokuwa ikichemka ndani yake kuhusu chai na bwelasuti na lile bega lililoshikwa kirafiki iliyasukuma yatoke, akamwona Joakimu akiinua blanketi na kukuta aliyelala chini yake ni nani, akaona kwamba ingekuwa haki kabisa, na kisha akamwona mtoto mwenyewe, anavyochovya ugali kwenye mchuzi na kulamba vidole mpaka kifundo cha mkono, asiyejua lolote, akafunga meno juu ya ulimi wake hadi damu ikamjaa kinywani, akaanguka kifudifudi juu ya makaa yasiyounguza, akasubiri.

Huko juu, kama alivyosimuliwa baadaye, Bi Shumbana alimimina kibuyu kizima cha maziwa ya Gidamis kwenye chemchemi, akaliomba jini radhi kwa maji yake, kisha akaliamuru kwa majina ya Mwenyezi Mungu liyafuate maji na liache watu. Gidamis akapiga bomba kwa shoka. Pigo la nne likalivunja, maji yakarudi kwenye mkondo wake wa zamani.

Ndani ya bwela kitu kilivutwa kurudi nyuma kwa mlio mrefu, bomba baada ya bomba, mabwenini, jikoni, mlimani, kikanyamaza. Na makaa yakawa moto. Tawakali aliruka akipiga kelele, bwelasuti inaungua, na katika maisha yake hakuwahi kufurahia maumivu kama yale.

Ndipo kufuli likalia. Joakimu alisimama mlangoni, na mkononi alikuwa na blanketi la kijivu, limekunjwa vizuri.

Walitazamana. Tawakali alitema damu. "Liliniuliza jina la mtoto wako," akasema. "La mama yake pia."

Joakimu alipiga magoti. "Ukasema?"

Tawakali alimpita akaenda kwa mkewe, akamwacha akimbie nyumbani kujionea mwenyewe kama binti yake yu hai.

Alikuwa hai, anacheza uani. Asubuhi Joakimu alimwambia mkuu wa chuo kwamba Tawakali ameharibu mitambo kwa uzembe. Tawakali akafukuzwa mlimani kabla ya saa sita, mikono imefungwa matambara. Hakuna aliyelirudisha bomba la juu. Chuo kiliomba maji kwingine, na bwela ikaota kutu. Rukia alijifungulia Katesh, mtoto wa kiume mwenye afya.

Mwaka uliofuata, siku ya mnada, Tawakali alikuwa amesimama penye mbuzi wa kuuzwa pale Katesh alipomwona mtu ng'ambo ya zizi, kofia imepinda upande, kiwiko juu ya uzio. Moyo wake ukafurahi. Mkono wake ukainuka wenyewe kumpungia kabla hajakumbuka ni nani, na Joakimu, aliyekwisha kumwona, alianza kuinua wake. Tawakali alibaki hivyo kidogo, kiganja chenye makovu kikiwa hewani. Kisha akaushusha, akageuka, akauliza bei ya mbuzi.