Aliyepiga Fidla Safu ya Nyuma

Jua lilikuwa limeshazama Mwanaima alipokwenda kuchukua simu aliyoiacha ichajiwe kwenye banda la video la Bashiru, hapo Miteja. Mabenchi yalikuwa matupu. Bashiru alikaa peke yake, kidevu mkononi, macho kwenye televisheni.

"Shikamoo, Mama Ziada."

"Marahaba. Leo hakuna mpira?"

"Hakuna. Kuna mtu kanirushia hii. Wazungu na fidla zao, saa nzima, haimbi hata mmoja. Lakini kuizima nimeshindwa."

Mwanaima akatupa jicho. Ukumbi mkubwa, watu labda mia, wote wamevaa nyeusi. Mbele yao mzee mmoja kaipa kamera mgongo, anapunga kijiti. Fidla zikapanda, zikashuka, kama watu wanaolia huku wamezibwa midomo.

Kamera ikapita safu ya nyuma.

Mwanaima akashika nguzo.

Pale, kati ya wanawake wawili wa Kizungu, alikaa Ziada. Binti yake. Ziada aliyezikwa mwaka juzi. Na kwenye mkono ulioshika fidla, kovu lile lile la utomvu wa korosho uliomchoma utotoni.

"Rudisha," akanong'ona.

Bashiru akarudisha. Akaona. Naye alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Rimoti ikamponyoka.

"La ilaha illallah..."

Fidla zikafifia, hadi wakawasikia mbu. Ziada akainua uso. Macho hayakuwa na kitu ndani. Midomo ikacheza, na banda zima likajaa harufu ya udongo mbichi na karafuu maiti.

"Mama... zima. Ikiwashwa, tunaamshwa."

Mzee wa kijiti akaanza kugeuza shingo.

Bashiru akachomoa waya.

Mwanaima hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa wifi yake, Sauda, aliyemwosha marehemu.

"Wifi, niambie kweli. Siku ile ulimwosha nani?"

Sauda akainama.

"Alikuwa mwepesi," akasema. "Mwepesi kama gogo la mgomba. Niliogopa kusema, wifi yangu. Ungefanya nini?"

Kweli, angefanya nini? Kulipokucha wakaenda Kikole, kwa mzee Likwata, mganga anayesifika kwa kurudisha misukule. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Msukule analimishwa shamba la jirani, huyo namrudisha. Huyu wako kapelekwa mbali. Aliyemchukua simjui jina, wala nchi yake siijui. Mkono wangu haufiki."

Hata kuku waliyemletea hakumpokea.

Njiani Mwanaima hakulia. Alisema neno moja tu: "Basi apumzike. Ile picha isiwashwe tena. Hilo naliweza."

Jioni akarudi bandani.

"Umeifuta?"

"Wallahi nimeifuta. Hapa haipo tena."

"Na kwingine?"

Bashiru akamwonyesha simu yake. "Mama... jana, kabla hujaja, nilikuwa nimeshawarushia kundi zima la kijiji. Nao wamewarushia wengine. Wapo hadi Lindi, hadi Dar."

Mwanaima akatoka. Akabisha hodi nyumba kwa nyumba, akiwasihi watu wafute. Wapo waliofuta mbele yake kwa heshima. Wapo waliocheka. Mama mmoja kijana akamwambia kwa upole kwamba ataiwasha kila jioni, maana jana mwanawe alipoisikia alilala.

Alipofika barabarani, fidla zikaanza nyumba ya pili. Akakimbilia huko. Hajafika mlangoni, zikaanza ng'ambo ya barabara. Halafu kwenye kijiwe cha bodaboda. Halafu nyuma yake, kwa Sauda mwenyewe, ambako wajukuu walikuwa wameishika simu.

"Zimeni!" akapiga kelele katikati ya njia. "Zimeni, mwanangu hajalala!"

Watu wakachungulia madirishani, wakamwonea huruma.

Hakuna aliyezima.