Mtu wa Juu ya Paa

Foleni ya mikate ya soseji kwenye uwanja wa mbio za magari ilikuwa imefika hadi vyooni. Raylene Tuttle alisimama mbele kabisa na ovaroli nyekundu ya udereva, mikono ya ovaroli kaifunga kiunoni, grisi shavuni, na bado wanaume walikuwa wanageuza shingo. Mama muuzaji akampa mkate uliofurika kabichi na nyama ya kusaga, kisha akaropoka:

"Kumbe kweli unatuhama, mwanangu? Italia, kwenye vile vigari vya matairi nje nje?"

"Italia?" sauti ikauliza nyuma yake.

Lahaula! Kati ya watu elfu kumi, aliyefuata kwenye foleni alikuwa Coy Hutchens, mpenzi wake, shati jeupe limenyooka kwa pasi.

"Nilitaka nikwambie baada ya mbio, mpenzi."

"Nani mwingine anajua? Mbwa wa kwenu anajua?"

"Nimealikwa tu na timu moja ya huko, Coy. Wanataka jibu Jumatatu."

"Hongera." Akaondoka, hata soseji hakununua.

Misimu miwili Coy alikuwa macho yake. Dereva wa magari yetu ya mabati haoni ubavuni, kichwa kimefungwa kitini. Mtu husimama juu ya paa la jukwaa na kumwambia redioni nani yuko wapi: "ndani" gari likiwa upande wake wa ndani, "salama" ubavu ukiwa wazi. Kila "salama" ya Coy ilifuatwa na "mpenzi". Siku ile, mbio zilipoanza, ilikuja kavu.

"Ndani. Ndani bado. Salama."

"Salama nani?"

"Salama gari namba kumi na saba."

"Usiniletee, Coy! Mimi namba?"

"Kule Italia hawana mtu wa juu ya paa, Ray. Wana vioo, basi. Mimi nikafanye nini huko, nikubebee kofia?"

Hasira zikawasahaulisha jambo ambalo hata mtoto mdogo wa huku kwetu Karolina analijua: watazamaji hukodi redio za masikioni wawasikilize madereva. Jukwaa zima lilikuwa limeacha kutafuna. Mzee Delbert, baba yake Raylene na mwenye gari, akaingilia redioni kwa sauti ya kukwaruza:

"Nyie wawili, watu wanawasikia! Na huendi popote. Sisi akina Tuttle tunakimbiza mabati tangu enzi za babu yako. Hapa tunasukumana, tunakwanguana, tunamaliza. Kule ukimgusa mwenzio tairi, unaruka juu. Wewe utaacha lini kugusa watu?"

Jukwaani wakaanza kumzomea. "Msaliti!" Raylene aliwaona alipokata kona, ngumi juu. Moyo ukamchoma, kisha ukawaka. Akabonyeza kitufe.

"Wasikie vizuri! Nyie wa jukwaani, nimeshinda hapa mara kumi na moja, na kila mara mnasema nimebebwa na gari la baba. Haya, naenda kwenye gari ambalo si la baba. Naenda, mzomee msizomee! Na wewe wa juu ya paa, sikutafuti uniangalizie ubavu. Nataka uwe mume wangu. Unakuja au huji?"

Kimya. Kona moja, mbili, mzunguko mzima. Gari la bluu likamjia upande wa nje na hakuna aliyemwambia. Puu! Ubavu wa mabati ukasaga ukuta, cheche zikamwagika. Raylene akang'ang'ania usukani, akiapiza.

"Ray! Ray, uko mzima?"

"Nimekuuliza swali!"

"Nakuja! Nakuja, mwanamke wee, ila kwanza toka kwenye huo ukuta!"

Jukwaa likalipuka, wengine vigelegele, wengine matusi. Raylene akamaliza wa tisa. Akapanda juu ya gari lililobonyea, akawainamia waliomzomea kama bibi harusi, akashuka.

Coy alifika akihema, shati limechomoka, macho mekundu.

"Wa tisa," Raylene akasema. "Kisa mtu wangu kapigwa ububu."

"Nilikuwa nalia, shetani mkubwa we. Nibonyeze kitufe watu elfu kumi wanisikie?"

Akamvuta, akambusu na grisi yake yote. Mzee Delbert akasimama mbele yao, kofia mkononi.

"Ukishindwa huko?"

"Nitakuwa nimeshindwa mwenyewe, Baba."

Mzee akaivaa kofia yake, akabaki palepale. Raylene akatoa simu, akatafuta namba ya Italia.

"Jumatatu bado," Coy akasema. "Halafu kule saa hizi wamelala."

"Waamke," Raylene akasema.