Picha Tano za Kagongwa

Wilbard alikuwa fundi wa kuzeesha nyumba. Msicheke, kazi hiyo ipo, na huku kwetu nyuma ya Nyarugusu imelisha watu. Ikivuma tu kwamba kampuni inataka kupanua eneo la machimbo, kila mwenye kiwanja anasimamisha nyumba ya tegesha, yaani nyumba ya kungojea fidia, si ya kulala mtu. Miti, udongo, bati chache, basi. Lakini wathamini nao si wajinga. Nyumba ikinukia udongo mbichi wanaipita kama hawajaiona. Hapo ndipo alipokuwa anaitwa Wilbard.

Alikuwa na mikono ya ajabu yule bwana. Alifukiza kuta kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe mpaka zikashika masizi ya miaka kumi. Alisugua kizingiti kwa mchanga na kipande cha nondo mpaka kikabonyea katikati, ukakiona ukasema hapa wamepita babu na wajukuu. Kalenda za miaka iliyopita alikuwa nazo boksi zima. Na mwisho kabisa, picha. Aliwaambia wateja wake kwamba nyumba isiyo na picha ukutani ni banda tu, kwa sababu picha ndiyo inayoipa nyumba miaka. Mthamini anaweza kubishana na ukuta, alisema, lakini sura ya mtu itamshinda.

Alizeesha nyumba kumi na moja za wenzake. Ya kumi na mbili ikawa yake mwenyewe. Na hapo nisimsingizie tamaa, maana nilikuwa jirani yake namjua. Yeye na mkewe Salome, watu wa Ushirombo, walikuwa wamepanga chumba kimoja na binti yao Violeth, mtoto wa miaka minane, waliyempata baada ya mimba tatu kuharibika. Yule mtoto ndiye alikuwa roho yao. Wilbard hakuwa anagusa ugali kabla hajamwona Violeth amekula. Alichotaka ni fidia imwezeshe kumjengea mwanawe nyumba ya kweli, mahali pa kweli. Ndiyo hiyo tu.

Shida ikawa picha. Za kwao zote zilikuwa kwenye simu, na simu haitundikwi ukutani. Akafunga safari mpaka Kagongwa, kwa mzee mmoja aitwaye Athanas, ambaye zamani alikuwa na studio kabla simu hazijamfungia biashara. Studio yenyewe ilikuwa bado ipo, imejaa vumbi, na lile pazia lake maarufu bado linaning'inia: ghorofa la kuchorwa, lenye ngazi ndefu na maua huku na huku. Wakulima wa pamba walikuwa wakisimama mbele ya ngazi zile na kupigwa picha, kisha wanawatumia ndugu ili waonekane wameendelea. Nusu ya watu wa kule wana babu aliyesimama mbele ya ghorofa ambalo halijawahi kujengwa.

Chini ya meza kulikuwa na boksi la picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Wilbard akapekua. Akakuta picha tano zimefungwa pamoja kwa uzi, za binti mmoja mbele ya pazia lile lile, akiwa na miaka kama minne, halafu mitano, halafu sita, saba, minane. Nyuma ya kila moja imeandikwa kwa wino wa bluu tarehe kumi na nne Septemba, bila mwaka. Kwenye ile ya kwanza kuna mama amesimama nyuma ya mtoto, mrefu, kitambaa cheupe kichwani, mkono umelala begani kwa mwanawe.

Athanas akamwambia achukue nyingine zozote, hizo aziache. "Hizo zina mwenyewe," alisema. "Alilipia zote. Alisema atakuja."

Wilbard alicheka. Picha zenyewe zilikuwa zimeanza kugeuka rangi ya chai, na huyo mwenyewe hajatokea. Akamwachia mzee hela ya soda, akazitia zile picha kwenye mfuko wa shati.

Aliporudi alizitundika kwa mpangilio, toka mtoto mdogo mpaka mkubwa, sebuleni kwenye nyumba mpya. Familia ikahamia. Jioni tatu mfululizo akawa anamfundisha Violeth: ukiulizwa huyu kwenye picha ni nani, sema ni mimi. Mtoto akawa anakataa. Akasema baba, huyu si mimi, huyu ana alama kwenye shavu. Salome akamwambia mumewe amwache mtoto. Wilbard akasema ni siku moja tu, neno moja tu, basi.

Mthamini alikuja Jumanne asubuhi, dada mmoja mpole, pamoja na Mzee Ndaki, mwenyekiti wa kitongoji. Alipapasa kuta, akatazama kizingiti, akaridhika. Alipofika kwenye picha akasimama. Akamwangalia Salome, akaangalia mama wa kwenye picha, akaangalia tena Salome. Akauliza huyu mama ni nani.

Swali hilo Wilbard hakuwa amelifanyia mazoezi. Lakini mdomo wake ulikuwa mwepesi kama mikono yake.

"Huyo ndiye mama yake mzazi," alisema. "Alitutoka. Huyu niliye naye ni wa sasa."

Salome akainamisha uso. Mthamini akampa pole, akaandika. Akamgeukia Violeth, akamuuliza kwa upole kama huyo kwenye picha ni yeye na mama yake. Mtoto akamtazama baba. Baba akamwitikia kidogo kwa kichwa.

"Ndiyo," akasema Violeth. "Ni mimi na mama."

Wilbard akatia saini fomu ya fidia, Mzee Ndaki akagonga muhuri. Wakasimamishwa nje mbele ya mlango wakiwa na kibao cha namba, wakapigwa picha, mambo yakaisha. Salome hakumsemesha mumewe siku mbili.

Siku ya tatu Violeth alisema viatu vile vyeupe vilimbana.

Viatu gani? Vya kwenye picha, akasema. Vilimbana kidole, na pazia lilinuka mafuta ya taa, na mzee wa studio alimpa peremende ili asilie. Alisema hayo huku anamenya karanga, hana habari. Wilbard akadhani mtoto anaendeleza ule mchezo, akamwambia yaishe sasa, mthamini ameshaondoka. Violeth akamtazama kama haelewi anachokatazwa.

Kisha akaanza kusahau. Bibi yake wa Ushirombo, aliyemlea miaka miwili, akasema hamjui. Komunyo yake ya kwanza, ambayo ilikuwa Pasaka ya mwaka ule ule, akasema hakumbuki kwenda kanisani. Salome akimwita jina haitiki mpaka aitwe mara tatu. Shuleni mwalimu aliuliza kama mtoto anaumwa, maana alikuwa anakaa ameelekea mlangoni, daftari limefungwa. Asubuhi moja akamkuta mama yake jikoni, akapiga goti vizuri kama anavyofanya kwa mgeni. Akasema shikamoo. Salome akaitika marahaba. Mtoto akauliza, kwa adabu kabisa, mama yangu atakuja saa ngapi?

Salome alilia mpaka akashindwa kusimama.

Wilbard alizitoa picha ukutani siku hiyo hiyo, akazifungia kwenye sanduku. Akakaa chini na mwanawe, akamwomba radhi, akamwambia yote yalikuwa uongo wa baba, yule kwenye picha ni mtoto wa watu wasiowajua. Ili amwonyeshe, akafungua simu kutafuta picha za Krismasi. Walikuwa wamepiga nyingi siku ile, nje ya kanisa, wote watatu.

Kanisa lilikuwepo. Yeye alikuwepo, na tai yake. Salome alikuwepo, amejiinamisha upande, mkono umezunguka kitu, vidole vimekunjwa. Katikati yao hapakuwa na mtu. Akafungua nyingine. Akafungua zote. Kila picha wameacha nafasi, na ndani ya nafasi unaona ukuta.

Akamwambia Salome asimwache mtoto hata dakika moja. Alfajiri akapanda gari la Kahama, picha tano ziko ndani ya bahasha mfukoni. Hapana, alidhani ziko mfukoni. Akiwa njiani akapapasa akakuta bahasha tupu, akajiambia kwa haraka zile ameziacha kwenye sanduku.

Alimkuta Athanas nje ya studio, anaota jua. Akamsalimia, akamweleza, akashika miguu ya mzee. Akasema anataka kurudisha, anataka kufuta, aambiwe tu cha kufanya. Athanas alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza leo ni tarehe ngapi.

Ilikuwa kumi na nne Septemba.

"Mwenyewe alikuja jana," akasema Athanas kwa sauti ya chini. "Nilimwambia fundi mmoja wa Nyarugusu amezichukua."

Wilbard akauliza mwenyewe nani. Yule mama, akasema mzee. Kitambaa kile kile, uso ule ule. Binti yake alimzika akiwa na miaka minane, Athanas mwenyewe alikwenda msibani, na hiyo ilikuwa kabla mwana wa kwanza wa Athanas hajaoa, naye sasa ana wajukuu. Yule mama hakuwa amezeeka hata siku moja. Hakukasirika. Alisema kama mtoto yuko huko, basi atamfuata huko huko.

Wilbard akapiga simu. Iliita muda mrefu. Salome akapokea, ananong'ona.

"Kuna mama amekuja," alisema. "Violeth amemkalia magotini."

"Usimpe. Mshike. Piga kelele."

"Watu wote wapo, Wilbard. Mwenyekiti yupo. Ana picha mkononi."

Simu ikakatika. Akapiga tena. Haipatikani. Akakodi bodaboda toka Kagongwa, njia yote ile, vumbi mdomoni, anamwambia kijana kimbiza, kimbiza.

Aliyoyasikia alipofika ndiyo haya, na mimi nilikuwepo, nayasema kwa aibu. Yule mama alikuja mchana kweupe. Alitusalimia wote. Aliwaita wazee, akaziweka picha tano juu ya meza, akauliza mtoto huyu ni nani. Akauliza na huyu aliyesimama nyuma yake ni nani. Kila mtu akamwangalia yeye, akaangalia picha.

Salome alipiga magoti mbele ya Mzee Ndaki. Alimwambia mwenyekiti sema ukweli, mimba yangu uliiona, mwanangu unamjua toka anatambaa. Na Ndaki alimjua, sote tulimjua. Lakini Ndaki alikuwa na nyumba tatu za tegesha. Mimi nilikuwa na moja. Fidia ilikuwa bado haijatoka. Ukisema fomu ya Wilbard ni ya uongo, kesho wathamini wanarudi kukagua fomu zote. Ndaki akafungua faili, akasoma palipoandikwa. Binti kwenye picha ni Violeth. Mama kwenye picha ni mama yake mzazi. Saini ya baba. Muhuri.

"Sasa mayu, mama yangu," alimwambia Salome, macho yako chini, "mimi nifanyeje?"

Salome akamrukia mtoto, akamkumbatia. Violeth akaanza kulia kwa woga, anajitoa, anamwita yule mwingine mama. Wanawake wawili wakamshika Salome. Mmoja wao ni mke wangu. Yule mgeni akamwinamia Salome, akamfuta machozi na ncha ya khanga.

"Asante kwa kunitunzia mwanangu," alisema.

Akamshika mtoto mkono, wakatoka. Tukawaona wakipanda njia ya kwenda barabarani, jua liko utosini. Hakuna aliyewaona wakifika barabarani.

Wilbard alikwenda polisi usiku ule. Walimsikiliza vizuri, wakaomba picha ya mtoto ili waitangaze. Akawaonyesha ile ya kanisani, wakaangaliana. Wakaomba nakala ya fomu ya fidia. Walipoisoma wakamuuliza sasa analalamika nini, kama mama mzazi ndiye aliyemchukua mwanawe. Alizunguka Kahama, Bukombe, mpaka Shinyanga mjini, anauliza kila stendi. Alilala makaburini Kagongwa siku tatu, anaomba abadilishiwe, achukuliwe yeye. Athanas alifunga nyumba akahamia kwa mwanawe.

Siku ya kumi na moja simu yake iliita, saa nne asubuhi, Salome akiwa pembeni yake. Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, imekauka kidogo, sauti ya mtu aliyezaa na kulea. Nyuma yake kulikuwa na watoto wanacheza.

"Shikamoo baba," ilisema. "Ni Violeth."

Mwanamke yule akasema amehangaika kuipata namba hii miaka thelathini na moja. Akataja jina la bibi wa Ushirombo. Akataja kovu la Salome kwenye goti, na wimbo aliokuwa akiimbiwa akiugua, yote aliyoyasahau siku zile alikuwa ameyakumbuka. Akasema kumbukumbu zilimrudia taratibu, akiwa mkubwa, baada ya kumzika yule mama. Salome akaipora simu, akasema niko hapa mwanangu, uko wapi, sema uko wapi. Kule upande wa pili mtu akaanza kulia kama mtoto.

"Mama," ilisema ile sauti, "nilikaa mlangoni kila siku. Mbona hamkuja?"

Ikakatika. Simu imeandika maongezi ya dakika sita. Wamepiga namba ile mpaka leo, na hujibiwa kwamba haipo. Nilikwenda na Wilbard kwenye ofisi ya mtandao, dada wa pale akaiangalia, akasema hii mmekosea kuandika. Tukampa simu yenyewe aone. Akaihesabu kwa kidole, tarakimu moja moja, akarudia, akasema namba ndefu hivi bado hazijaanza kutolewa. Namba zetu zote zina tarakimu kumi. Ile ina kumi na moja.