Nisikuone Tena Hapa

Jumamosi asubuhi soko la La Paz watu wanakanyagana. Jovito, nesi wa wodi ya saratani hapa mjini Iloilo, alikuwa kwenye foleni ya bachoi, supu yetu ya tambi na ini, aliposikia sauti ya mpishi.

"Nesi wa nisikuone! Mbona umekonda? Huko hospitali hamli?"

Alikuwa Delsa, mgonjwa wake wa miaka mitatu nyuma, kavaa gauni la njano la mikono mirefu, na joto lote lile.

Wodini kwao anayeruhusiwa haambiwi "tutaonana", ni uchuro. Nesi humsindikiza mpaka mlangoni akamwambia kwa kicheko, "Nisikuone tena hapa." Ndivyo Jovito alivyomuaga Delsa, titi limeshatolewa, dawa zimekwisha.

"Basi umeniona," alisema Delsa. "Lakini ya sokoni haihesabiwi."

Mapenzi yakaanzia kwenye bakuli. Kila jioni simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nashinda naonja supu, nile nini tena? Na wewe leo umemchoma nani sindano?"

Ila kila Jovito aliposhika mkono wake wa kushoto, Delsa aliuchomoa. Mwezi ukapita hivyo, Jovito wivu ukampanda.

"Kama una mtu, niambie," alisema kwenye simu.

"Sina mtu. Njoo kesho ujionee."

Kesho yake, nyuma ya kibanda, Delsa alipandisha mkono wa gauni huku kaangalia pembeni. Mkono ulikuwa umevimba toka begani mpaka vidoleni, ngozi imekaza.

"Mwaka wa pili huu. Nilidhani ni kubeba masufuria. Naona haya hata kwenda kanisani."

"Kwa nini hukurudi hospitali?"

"Si ulisema usinione?"

Jovito aligeuka. Akaondoka, na siku tatu hakupiga simu. Msimwonee huruma, alistahili kuona aibu. Miaka kumi na moja ya unesi, kumbe hajui kwamba tezi za kwapani zikitolewa pamoja na titi, mkono unaweza kuvimba hata miaka baadaye, na ukiwahiwa unatulizwa. Hakuambiwa, na hakuuliza. Kwake yeye aliyetoka mlangoni amepona, basi.

Siku ya nne alikuja na bendeji za kubana.

"Siku tatu," alisema Delsa. "Nilijua mkono umekutia kinyaa."

"Nimejitia kinyaa mwenyewe. Nimekwenda kwa mama wa mazoezi ya viungo kujifunza kufunga bendeji. Akaniuliza nimewaaga wangapi bila kuwaambia. Nikaangalia sakafu."

"Mkono utapona?"

"Kuisha kabisa, hapana. Utapungua. Ningekueleza mapema..."

"Ningevaa mikono mifupi miaka miwili hii."

Jovito aliinamisha kichwa, machozi yakamdondoka. Aibu ilikuwa imemfika kwenye mfupa. Delsa akamnyooshea ule mkono.

"Haya, funga. Na usinililie juu ya sufuria, wateja watasema nimezidisha chumvi."

Alifunga taratibu kuanzia vidoleni, na safari hii mkono haukuchomolewa.

"Delsa, nikikuoa?"

"Hao wengine uliowaaga wanajua?"

"Hawajui."

"Kawatafute kwanza. Ukimaliza, uniulize tena."

Ilimchukua wiki tano. Alitoa majina kwenye daftari la wodi akawapigia mmoja mmoja, na kila simu alianza hivi: "Ni mimi nesi Jovito, nilikosea." Wengine walimsamehe. Mmoja alimtukana, naye akasikiliza mpaka mwisho.

Jumatatu moja alimsindikiza mama mmoja mlangoni.

"Tutaonana baada ya miezi mitatu," alimwambia. "Mkono ukiwa mzito, usingoje hata hiyo miezi."

Mama yule alishtuka. "Nesi, mbona unanichuria?"

Kwenye benchi la hapo mlangoni alikaa Delsa akingoja zamu yake ya kuangaliwa mkono, gauni la mikono mifupi, bendeji mpaka begani.

"Msikilize, mama," alisema. "Mimi aliniambia asinione tena. Sasa mwezi wa Mei ananioa, atanitazama mpaka achoke."