Rupia Isiyolika

Asubuhi ile Lukia alikuwa dirishani mwa duka la Mzee Omari alikofanya kazi, jirani na stesheni ya Same, akiigeuzageuza hela ya Mjerumani kwenye mwanga. Nje upepo ulikuwa kwenye kazi yake ya kila siku, kuchukua vumbi la nyumba hii na kulipeleka kwa jirani. Siku ya kawaida kabisa.

Ilikuwa miaka michache baada ya Azimio. Shilingi zenye kichwa cha mfalme zilikuwa zimekoma kutumika, na watu walipofukua vyungu ili wazipeleke benki, walikuta humo vitu vikongwe kuliko huyo mfalme. Benki haikuvitaka. Mzee Omari alivitaka. Kulikuwa na wazungu wa Moshi na Nairobi waliokusanya sarafu, na wao hawakununua madini, walinunua hali yake.

Sarafu hulika kwanza palipoinuka. Nyusi hutangulia, shavu hufuata, kisha pua. Sura ikiwa kamili, Omari aliiita mpya. Nyusi zikiondoka, imeguswa. Shavu likilala, imechoka. Likibaki duara lenye kivuli cha mtu, hicho ni kipara. Kila iliyo nzuri aliikandamiza kwenye kipande cha sabuni ya mche, akakianika kwenye rafu, ili mnunuzi aone sura bila kuishika yenyewe.

Lukia alikuwa na jicho la kazi hiyo. Tatizo la jicho la namna hiyo ni kwamba halifungwi duka linapofungwa.

Yeye na mumewe waliishi Same, lakini nyumbani kwa mumewe ni Mhezi, juu milimani. Yeye alikuwa mke wa Gideoni, mtoto wa kwanza. Wema alikuwa mke wa Asheri, mdogo mtu. Na Sabato moja baada ya ibada, mama mkwe wao, Rahabu, alivua rupia aliyoivaa tangu ujana, akamfunga Wema shingoni.

Wale walikuwa Wasabato hasa. Walikataa kahawa, walikataa nguruwe, hata chai waliitilia shaka. Rupia hawakuikataa. Ilipita kwa mkaza mwana mmoja hadi mwingine tangu enzi za Mjerumani, na aliyeivaa ndiye mke wa nyumba. Yeye huulizwa kabla shamba halijagawanywa. Wengine ni wapishi.

"Mama, mkubwa ni mimi," Lukia alisema.

"Najua," alijibu Rahabu.

"Sasa?"

"Sasa kula makande, yanapoa."

Rahabu alikuwa na uso laini, hauna nyusi, hauna kona. Mgeni aliagana naye, na kabla hajafika njiani alikuwa amesahau anafananaje. Watu walisema ni uzee.

Kwenye mikutano ya balozi wa nyumba kumi, Lukia aliongoza nyimbo za kushirikiana kwa sauti ya juu kuliko wote. Rupia, hapana. Hiyo hakutaka kushirikiana na mtu. Usingizi wake uliliwa na shingo ya Wema.

Siku moja alipanda Mhezi na sabuni mkobani. "Inama kidogo, mdogo wangu, niichukue sura." Wema aliinama, akicheka kwa mtekenyo. Kaiza, mfalme wa Wajerumani, alitokea kwenye sabuni na kofia yake yenye tai, kila unyoya mahali pake, kila unywele wa masharubu umesimama.

"Mpya," alisema Mzee Omari alipoiona. "Ilifichwa kwenye kopo?"

"Shingoni. Tangu Mjerumani."

Omari aliiweka sabuni chini taratibu. "Shingoni miaka yote hiyo ingekuwa kipara, binti yangu. Jasho, nguo, ngozi. Kama yenyewe hailiki, kuna kingine kinalika. Mimi siinunui."

"Wala siiuzi."

"Na usiivae."

Lukia aliona ni woga wa kizee. Sabuni akaianika kwenye rafu pamoja na nyingine.

Mvua zilipokwisha, nyusi za Wema zilikuwa zimepungua. Lukia aliliona hilo kabla ya mtu yeyote, na alilifurahia kuliko inavyostahili kusimuliwa. *Imeguswa*, alisema moyoni. Miezi ikasogea. Shavu nalo likaanza kulala.

Lakini Gideoni, mume wake mwenyewe, alirudi kutoka Mhezi akisema, "Suala la shamba la bondeni tumemwachia Wema aamue." Akaendelea kula.

Sabato iliyofuata Wema alikuwa anaosha nywele uani. Uzi wa rupia ulikuwa umechakaa. "Dada, nifungie mwingine, mikono ina povu." Lukia alifunga uzi mpya. Alichofunga ni rupia nyingine ya dukani, yenye Kaiza yule yule, imechoka.

Wema alijipapasa shingo. "Mbona leo nyepesi?"

Kwa siku kadhaa Lukia aliivaa ile ya nyumba chini ya gauni na kutembea kama mtu aliyetawazwa. Kisha kioo kikamwonyesha nyusi zimepauka. Akapaka wanja. Wanja haukushika.

Akaivua, akaifungia kabatini. Nyusi hazikurudi. Shavu likaendelea kulala.

Asubuhi moja aliingia dukani, na Mzee Omari akainuka kwa heshima. "Karibu mama. Nikusaidie nini?"

Jioni, Gideoni alimsogezea kiti. Kiti cha wageni.

"Umekuja na basi gani?" aliuliza.

Lukia alipanda Mhezi na rupia kiganjani. Jua lilikuwa utosini. Aliowazoea njiani walimpisha bila kumtaja jina. Rahabu alikuwa peke yake jikoni, anapukuchua maharage. Aliinua macho. Alinyoosha mkono, akapitisha kidole gumba kwenye shavu la Lukia, polepole, kama mtu anayepima sarafu.

"Lukia," alinong'ona.

"Mama. Unanijua?"

"Mimi tu."

"Kwa nini ulimpa Wema?"

Rahabu alichagua punje moja mbovu, akaitupa. "Lazima mmoja avae. Nikampa nisiyempenda."

Maharage yaliendelea kudondoka ungoni.

"Mrudishie leo," alisema Rahabu. "Kuivua tu hakutoshi, lazima ihamie shingo nyingine. Mfunge mwenyewe kwa mkono wako. Labda utabaki na kilichobaki."

Wema alikuwa uani. Nyusi zake zimerudi, nyeusi, nzuri. Alipomwona mgeni aliinama kwa adabu.

"Shikamoo mama."

Lukia alisahau kuitikia. Alisogea. Mkono ukaenda shingoni mwa Wema.

Wema alirudi nyuma, akaifunika ile rupia iliyochoka kwa kiganja. "Samahani mama. Hii ni ya mke wa nyumba. Mgeni haigusi."

"Wema. Ni mimi. Lukia."

Wema alimtazama kwa huruma.

"Dada Lukia namjua sura," alisema.

Abiria wa basi la kushuka Same walikumbuka mama mmoja aliyekaa dirishani, kanga imefunika uso. Alishukia wapi, hakuna aliyejua. Gideoni alimtafuta mkewe hadi kijiji cha Bendera. Kila alipofika aliulizwa anafananaje, na kila mara alifungua mdomo, akaufunga.

Asubuhi iliyofuata safari hiyo ya basi, Mzee Omari alifungua kufuli la duka akakuta rupia mezani. Aliipeleka kwenye mwanga. Mpya. Kaiza yuleyule, tai yuleyule.

Akakumbuka ile sabuni yenye sura yake. Akaishusha kutoka kwenye rafu ili alinganishe.

Kofia haikuwepo. Tai hakuwepo. Ndani ya lile duara kulikuwa na mwanamke aliyetazama pembeni, amefunga kilemba, nyusi zake kamili unywele kwa unywele. Omari alihisi anamfahamu. Jina halikuja.

Aliigusa kwa kidole. Sabuni ilikuwa imekauka tangu wakati wa mvua, ngumu kama jiwe. Ngumu kote, isipokuwa mahali padogo, chini ya jicho.

Hapo ilikuwa mbichi.