Diski Iliyogoma Kufutika

Diski ilikuwa inazunguka, na waya wake haujachomekwa popote.

Mama Waya aliisikiliza akadhani masikio yanamchezea. Ufundi wa kompyuta ndio uliompa jina hilo, na diski kuukuu alishazifuta hata hazina idadi. Hizi sita zilikuwa za shemeji yake, mume wa marehemu dada yake. Alitaka zifutwe zote, apate pa kuwekea nakala za akiba za ofisi yake. Tano zilikubali. Ya sita aliifuta mara tatu, na mara tatu ikabaki na faili moja ya sauti, huku karakana nzima ikinuka mafuta ya nywele aliyokuwa akijipaka dada.

Akaifungua faili hiyo.

"Usinisukume, baba watoto! Ngazi hizi..." Kisha kishindo. Kisha, si kwenye spika bali sikioni kwake: "Mdogo wangu, mwite."

Miezi minane ukoo mzima uliaminishwa kwamba dada aliteleza ngazini. Akapiga simu.

Shemeji alifika adhuhuri, jasho likimtiririka.

"Shemeji, umeshazifuta?"

"Moja imegoma."

"Umesikiliza kilichomo?" alinong'ona.

"Ifute mwenyewe. Mimi mkono umekataa."

Akampiga kikumbo, akabonyeza. Asilimia kumi, akasahau alichokuja kufanya. Asilimia thelathini, akauliza huyu mwanamke ni nani. Na kadiri namba zilivyopanda ndivyo diski ilivyovuma kama nyuki waliochokozwa, naye akayaita majina ya wanawe moja moja, kila alilolitamka likimponyoka asiweze kulirudia, hata akamng'ang'ania Mama Waya mkono akilia, "Izime, nakuomba, izime," na Mama Waya, ambaye kidole chake kilikuwa tayari juu ya swichi, akakikumbuka kile kishindo, akakiondoa kidole.

Mia.

Kesho yake mganga aliyeletwa na ukoo alimsomea shemeji, sasa mgonjwa kitandani, tangu asubuhi, akakemea, akabembeleza. Mwishowe akafunga mkoba wake.

"Huyu hana jini la kutolewa," alisema kwa sauti ya chini. "Mwenyewe ndiye aliyetolewa. Humu ndani ni patupu."

Alipokwisha kutoka, mgonjwa aligeuza shingo polepole, akamtazama Mama Waya, akatabasamu. Sauti iliyomtoka haikuwa ya mwanamume.

"Si patupu tena, mdogo wangu. Nenda kaniletee wanangu."