Mjomba Amesema Amezima

Hakuna mtu katika Kibiti nzima anayezijua mashine za plastiki kunishinda mimi. Najua sauti zake, najua harufu zake, najua hata zikikasirika. Sijawahi kuigusa hata moja. Nazijua kutoka dirishani, nikingoja vijana ninaowapikia wamalize kula nichukue sufuria zangu.

Naitwa Tabu. Baba yangu alinipa jina hilo mwaka wa mafuriko, wala hakuniuliza. Shule niliishia la saba, na mwalimu alifurahi kuliko mimi. Tulikuwa tukilima mpunga kule Mbwera. Maji ya chumvi yakapanda shambani, mpunga ukakauka umesimama. Tukahamia Kibiti, mimi na wanangu wawili, Talib na Tamimu. Talib ndiye mkubwa.

Hapa Kibiti kuna karakana ndogo ya plastiki. Mwenyewe anaitwa Pradip. Wazee wake walikuwa na duka la vitambaa, yeye akaona nguo zina washindani wengi, akanunua mashine. Anatengeneza beseni, ndoo na majagi. Msimamizi wake ni Abdulrazaq. Huyo ni mdogo wangu, tumbo moja. Kwa wanangu ni mjomba, na ndiye aliyewatafutia kazi pale.

Mashine yenyewe ukiitazama si ya kutisha. Plastiki inaingia ikiwa punje, kama mchele. Inayeyushwa ndani ya bomba la moto. Kisha inasukumwa kwa nguvu ndani ya chuma kizito chenye umbo la kitu unachotaka. Chuma hicho ni kalibu. Vijana wanakiita moldi. Kina nusu mbili, zinafunga na kufunguka kama chaza. Ukitaka beseni, unaweka kalibu ya beseni. Ukitaka jagi, unaitoa ile, unaweka ya jagi. Hapo kwenye kutoa na kuweka ndipo mashine inapokula watu.

Ilimla mwanangu asubuhi, jua limetoka vizuri.

Walikuwa wanabadilisha kalibu. Kabla ya kuitoa, lazima uipanguse ndani na kuipaka mafuta isishike kutu. Nusu mbili zilikuwa wazi. Talib alisimama na kitambaa mkononi. Swichi kubwa iko ukutani, nyuma ya mashine. Abdulrazaq alikuwa upande huo.

"Mjomba, umezima?" Talib aliuliza.

"Nimezima. Ingiza mkono, mwanangu."

Talib akaingiza mkono. Mimi niko dirishani na bakuli la mchuzi. Nikasikia mashine inavuta pumzi. Kisha nikamsikia mwanangu.

Sitaeleza zaidi. Hospitali walimwachia vidole viwili katika mkono wa kulia, gumba na kile kinachofuata. Huyu ndiye aliyekuwa akishona nyavu haraka kuliko mimi ninavyosema, na mimi nasema haraka.

Abdulrazaq alikuja nyumbani na sukari. Akakaa ukumbini, akalia machozi ya kweli.

"Dada, nilizima," alisema. "Nilizima kwa mkono wangu huu. Mashine ile ina kitu."

Neno hilo likatoka kwetu, likafika sokoni kabla yangu. Watu wakasema karakana ina jini. Pradip si Mwislamu, lakini jini halichagui, akatoa mbuzi na mchele ikasomwa dua. Pilau ilikuwa nzuri. Vidole havikurudi.

Wengine wakasema hapana, Talib mwenyewe ni mzembe, kagusa kitufe kwa goti. Talib aliwasikia. Akainamia bandeji ya mkono wake.

"Sema basi," nilimwambia. "Uligusa?"

"Sikugusa, mama."

"Sasa nani aliwasha?"

"Nitasemaje? Mjomba amesema alizima."

Nami nikaliacha hapo. Kwetu Mbwera neno la mjomba halichunguzwi. Mjomba akisema mtumbwi umefungwa, unapanda na kulala ndani yake. Ukienda kuitazama kamba, umempiga kofi mbele ya watu.

Kazi ya kubadilisha kalibu ikamwangukia Tamimu. Nilibaki na mwana mmoja mwenye mikono miwili mizima, na mikono hiyo ndiyo iliyotulisha watatu. Kila asubuhi alipotoka niliitazama ikienda. Mimi niliyezoea kuwatania hata wagonjwa, nikaacha kutania.

Ndipo Pradip akamleta Salwa. Ni binti kutoka Chumbi, alisomea ufundi Dar es Salaam. Alikuja na mtandio kichwani na mabuti miguuni yanayoweza kuua nyoka.

Abdulrazaq akamtazama kuanzia chini.

"Huyu mtoto atatufundisha nini?"

"Shikamoo, mjomba," Salwa alisema, akapita kwenda kuitazama mashine.

Hakukaa sana akaita watu. Mashine ina mlango wa mbele. Pembeni ya mlango pana kidude kidogo, na kidude hicho kilikuwa kimezungushwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

"Nani alifunga huu mpira?"

Kila mtu akaanza kutazama viatu vyake.

"Kidude hiki ndicho jicho la mashine," Salwa alisema. "Mlango ukifunguliwa, kinaona, na mashine inakataa kufunga. Ninyi mmekifunga jicho. Mlango uko wazi, mashine inadhani umefungwa, na zamu yake ikifika inaifunga kalibu yenyewe."

"Kilikuwa kinatuchelewesha," alisema Abdulrazaq. "Ukifungua mlango kidogo tu, kazi inasimama."

"Ndiyo kazi yake, mjomba."

Akaukata mpira kwa kisu. Akaniona dirishani.

"Bibi, ingia ndani usikilize. Utavunja dirisha."

"Nina kandambili."

"Kwa kandambili huingii. Basi baki huko huko."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza, na ninyi mtajifunza kutoka dirishani kama mimi.

Kwanza aliwavisha glavu nene na miwani ya kukinga macho. Akawaonyesha kulirudisha nyuma lile bomba la moto, mdomo wake usiiguse kalibu. Plastiki iliyoyeyuka ikikurukia inaganda kwenye ngozi, na ukiivuta inatoka na ngozi. Akafunga maji yanayoipoza kalibu, ili mipira ya maji ikichomolewa sakafu isiteleze. Baada ya kuizima mashine na kuipangusa kalibu, aliiwasha tena akaifunga, akazima, akaziunganisha nusu mbili kwa kipande cha chuma na bolti, zisiachane hewani. Pete ya chuma ya kuinulia, iliyo juu ya kalibu, aliikaza kama skrubu mpaka mwisho. Akaivuta cheni ya kuinulia iliyoning'inia darini mpaka ikabeba uzito, ndipo akaruhusu bolti zinazoishika kalibu zilegezwe.

Kalibu ikapanda. Ikayumba. Tamimu akaruka, akaweka bega chini yake.

"Toka," Salwa alisema. Hakupaza sauti, lakini Tamimu alitoka. "Ulikuwa unafanya nini?"

"Inayumba. Naizuia."

"Nani alikufundisha kuweka bega?"

"Kwetu tukivuta chombo pwani kikiteleza, unaweka bega. Anayekimbia anachekwa mpaka siku ya harusi yake."

"Chombo kinateleza kwenye tope. Hii iko hewani, na ina uzito wa ng'ombe mzima. Ikiyumba, rudi nyuma. Usisimame chini yake, usipite chini yake. Ikitaka kuanguka, iache ianguke. Pradip atanunua nyingine."

"Nimesikia hilo," Pradip alisema kutoka ofisini.

"Na umelikubali?" Salwa akamuuliza.

"Nimelikubali."

Kisha akatoa makufuli mfukoni. Kila mtu lake, na kila kufuli na ufunguo wake mmoja. Akawapeleka kwenye swichi kubwa.

"Kila unapotaka kuingiza mkono, unazima hapa. Unafunga kufuli lako mwenyewe, si la mwenzako. Ufunguo unakaa mfukoni mwako. Mkiwa wawili, makufuli mawili. Halafu bado hujaingiza mkono. Unahakikisha hakuna mtu karibu, unafunga mlango, unabonyeza kitufe cha kuwashia. Mashine ikikaa kimya, ndipo unafungua mlango na kuingiza mkono."

Abdulrazaq akacheka.

"Kufuli? Hapa sote ndugu. Unamfungia nani, mwizi wa umeme?"

Hakuna aliyecheka naye.

"Na mimi nikisema nimezima," akaendelea, "hawa watoto waende wakabonyeze? Basi mimi mwongo?"

Tamimu akainamisha kichwa. Salwa alimjibu kwa upole, kama anayemlisha mgonjwa.

"Hakuna anayekujaribu wewe, mjomba. Tunaijaribu mashine. Swichi inaweza kuharibika ndani. Mtu anaweza kuzima ya mashine ya pili akadhani kazima hii. Hata mimi nikisema nimezima, nendeni mkabonyeze. Sitakasirika."

"Ukizima kila kitu bomba linapoa. Kulipasha moto tena ni saa nzima."

"Saa itapita, mjomba," Salwa alisema.

Jioni hiyo Tamimu alikaa na ugali mbele yake bila kula.

"Mama, kufuli nitafunga. Lakini kubonyeza mbele ya mjomba, baada ya yeye kusema amezima? Uso wangu nitauweka wapi?"

"Uso utakaa hapo hapo ulipo," nilimwambia. "Hakuna anayeuhitaji, si mzuri hivyo."

Hakucheka. Pembeni Talib alikuwa akijaribu kufunga fundo la wavu kwa mkono wa kushoto na meno. Fundo likafunguka. Akaanza tena. Likafunguka. Tamimu alimtazama mpaka ugali ukapoa.

Kazi ikaendelea kwa njia mpya. Walioona kufuli ni tusi wakazoea. Spana zilipangwa mahali pake, watu wakaacha kuzitafuta chini ya magunia, na ile saa waliyoililia ikawa haipotei kama walivyodhani. Hakuna aliyeungua. Hakuna aliyebanwa. Pradip akamrudisha Talib kazini, kupanga majagi kwa mkono wa kushoto. Mimi nikarudia dirisha langu, lakini kila kalibu ilipobadilishwa nilihesabu vidole vya Tamimu.

Mfungo ukakaribia. Kila nyumba inataka jagi la uji wa kufuturia. Siku hiyo Salwa alikwenda Dar es Salaam kufuata vifaa. Kwenye mashine ilikuwapo kalibu ya beseni, na wateja wa majagi walikuwa wamejaa mlangoni. Abdulrazaq alikuwa akitembea huku na huku.

"Haya, Tamimu, upesi. Pangusa, tutoe."

Tamimu alichukua kitambaa na kufuli lake. Akaanza kuelekea ukutani.

"Wee unakwenda wapi? Nimeshakuzimia. Na kufuli langu nimeweka." Abdulrazaq alikuwa amesimama nyuma ya mashine, pale pale alipokuwa siku ile. "Ingiza mkono, mwanangu."

Maneno yale yale. Sufuria ilinitoka mkononi, wali ukamwagika. Hakuna aliyegeuka.

Tamimu alisimama. Alimtazama mjomba wake. Kisha akamtazama kaka yake, aliyekuwa kwenye rundo la majagi, kashika moja kwa mkono wa kushoto.

"Ahsante, mjomba," Tamimu alisema. "Mjomba, samahani, sogea kidogo."

Akafunga mlango wa mashine. Akaangalia huku, akaangalia kule, hakuna mtu karibu. Akabonyeza kitufe.

Mashine ikavuta pumzi. Nusu mbili za kalibu zikaenda, zikagongana. Dirisha langu likatetemeka.

Tamimu akaizima. Wateja wa mlangoni wakarudi nyuma. Kitambaa cha kupangusia kilikuwa bado mkononi mwake, na mkono ulikuwa umetokeza kwenye koti la kazi kama kawaida, mzima.

"Mnaona?" alisema Abdulrazaq. "Niliwaambia tangu mwanzo. Nimezima, nimefunga na kufuli, bado inawaka. Mashine hii ina kitu."

Aliposema hivyo aligeuka, akainua mkono kutuonyesha ukuta wa nyuma. Shati lake likapanda kiunoni. Nami macho yangu, namshukuru Mungu, hayajazeeka kama magoti.

"Razaq, mdogo wangu," nikasema kutoka dirishani. "Jini gani huyo, kalitoa kufuli lako ukutani akakutundikia kwenye mkanda?"

Wote wakatazama. Kufuli lilikuwa pale, linaning'inia kwenye mkanda wake, na ufunguo ndani yake.

Talib aliliweka jagi chini. Alikuja polepole mpaka mbele ya mjomba wake. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kama mtu anayeuliza njia.

"Mjomba, na siku ile ulizima hivi hivi?"

Abdulrazaq alilifunika lile kufuli kwa mkono. Mkono mzima, wenye vidole vyake vyote.